Faili la Twiga

“Mama yake ameshafika.”

Tulimwacha Fundi na maneno hayo matatu, yamemkwama kooni kama sindano. Kwa wewe uliyechelewa kutufuata: Fundi ni mshona sare za shule, mjane, mwenye binti mmoja wa miaka kumi na mitano. Mtaa mzima humwita binti huyo Twiga kwa urefu wake. Asubuhi hiyo Fundi alikuta kadi ya hospitali ndani ya daftari la jiografia la mwanawe. Kliniki ya moyo! Twiga alikuwa amehudhuria mara tano, na mama mtu hana habari. Fundi aliacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano ya cherehani, akakimbia hadi dirisha la masjala kuomba faili. Ndipo karani akamjibu vile.

“Mama yake yupi?” Fundi aliuliza. “Mama yake si ndiye mimi hapa?”

Karani, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu, hakuinua macho.

“Mimi nasoma kilichoandikwa, dada. Mtoto kaingia kwa daktari saa tatu kamili, yuko na mama mzazi.”

“Basi nipe hilo faili nisome mwenyewe.”

“Siwezi.”

“Nina haki. Mimi ni mzazi!”

“Lina kamba nyekundu.”

Katika masjala ile, kila faili la mtoto lilifungwa kwa kamba. Nyeupe, mzazi anaonyeshwa. Nyekundu, mgonjwa mwenyewe ameomba lisifunguliwe mbele ya mtu bila ruhusa yake. Mtoto aliyetimiza miaka kumi na minne aliruhusiwa kuomba hivyo. Kutia saini ya kupasuliwa hakuruhusiwa, hiyo ilibaki ya mzazi mpaka mtoto afike kumi na minane. Lakini siri ilikuwa yake.

“Miaka kumi na mitano!” Fundi alipiga kioo cha dirisha kwa kiganja. “Nguo zake nafua mimi. Sare zake nashona mimi. Akipata homa nakesha mimi. Leo ana siri na mimi?”

Foleni ikaanza kunong'ona. Mzee mmoja aliyeshika mkongojo akadakia, “Mpe, bibie, tusogee. Mimi faili langu sijawahi kuliona, na lenyewe linanijua hadi meno.”

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alitumbukiza mkono katika mfuko wake, akatoa cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne, akakisukuma chini ya kioo.

“Soma. Jina la mama.”

Karani alisoma. Akatazama kitabu chake cha wagonjwa. Akarudi kwenye cheti. Kwa mara ya kwanza aliinua macho.

“Hili jina ni lako?”

“La kwangu.”

“Mwenzio aliyeko ndani kaandika jingine.”

“Basi ni tapeli!”

“Tapeli hasindikizi mtoto mara tano, dada. Mara mbili wamesubiri hapo kwenye benchi mpaka saa nane, anamlisha ndizi.”

Fundi alishusha sauti. “Yukoje huyo mtu?”

“Mrefu,” karani akasema. “Ukimwona na mtoto huhitaji kuuliza.”

Msomaji wangu, katika dunia nzima Fundi alimjua mtu mmoja tu mwenye urefu wa namna hiyo. Alikuwa amelala kitandani kwake usiku uliopita.

Hakungoja. Alipita katikati ya foleni, akakunja kona ya maabara, akaufungua mlango namba sita bila kubisha.

Twiga alikuwa juu ya kitanda cha mgonjwa, nyaya zimebandikwa kifuani, miguu yake imepita mwisho wa godoro. Daktari, kijana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, alikuwa anaitazama mashine. Na kwenye kiti, akiwa ameushika mkoba wa shule wa Twiga mapajani, alikuwa mdogo wake Fundi. Tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja. Alikuwa amerudi miezi mitatu iliyopita kutoka nchi ya mbali alikoishi miaka mingi.

Mashine ililia, pi, pi, pi.

“Nifungulie hilo faili, daktari,” Fundi alisema.

“Mama, tafadhali keti kwanza.”

“Nimesimama miaka kumi na mitano nikimlea huyu. Na leo nitasimama.” Akamgeukia mdogo wake. “Na wewe! Nimekupa kitanda changu, mimi nalala chini pembeni ya cherehani. Nimekukosea nini?”

“Dada, si hapa.”

“Ni hapa hapa. Umeandika kwamba wewe ni nani?”

Mdogo mtu aliuweka mkoba chini polepole.

“Mama yake,” alisema. “Kwa sababu ndiye mimi.”

Usikimbilie kumwita mwongo. Huyu mwanamke alisema kweli, na Fundi aliijua kweli hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Miaka kumi na mitano iliyopita, Fundi alikuwa ameolewa miaka minne na hajashika mimba. Mdogo wake, mwanafunzi wa miaka kumi na saba aliyekuwa akilelewa naye baada ya wazazi wao kufariki, alishika mimba asiyoitaka. Dada alitaka mtoto. Mdogo alitaka shule. Mume wa Fundi, Mungu amrehemu, alikubali. Siku ya uchungu, Fundi alimpa mdogo wake kadi yake mwenyewe ya kliniki. Binti akalazwa katika hospitali hii hii kwa jina la dada yake, akapasuliwa kwa jina la dada yake, na dada mtu akakaa kwenye benchi la wageni akishika kapu la nguo. Mtoto alizaliwa na tumbo la mmoja na karatasi za mwingine. Mwaka haukuisha, mdogo akaondoka.

“Tuliapa,” Fundi alisema kwa sauti ya chini. “Tuliapa kwa kaburi la mama.”

“Niliapa nikiwa mtoto, dada. Kaburi lenyewe lilikuwa bado halijaota majani.”

Fundi alimgeukia Twiga. Alitegemea kuona mshangao, machozi, mdomo wazi. Hakuona. Binti alikuwa anamtazama tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

“Unajua?”

“Ndiyo, Mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu wiki ya pili baada ya Mama Mdogo kufika.”

“Miezi mitatu!” Fundi alishika ukingo wa meza. “Kila asubuhi unaniita Mama, nakukaangia mayai, nakufunga kifungo cha mgongoni, na huku unajua?”

“Ningekuita nani?” Twiga aliuliza. Hakuwa anamjibu vibaya. Alikuwa anauliza kweli.

“Na kamba nyekundu? Alikufundisha huyu?”

“Hakuna aliyenifundisha. Niliomba mwenyewe.”

“Unifiche mimi?”

“Wewe peke yako, Mama.”

Afadhali angechomwa kisu.

“Nimekukosea nini, mwanangu?”

Twiga alinyoosha mikono yake pande zote mbili, nyaya zikajivuta. Mkono wa kulia ulikaribia kugusa kabati la dawa. Wa kushoto ulifika dirishani.

“Hii,” alisema. “Ulidanganya kuhusu hii.”

Fundi alikumbuka. Mwaka jana Twiga alianguka uwanjani shuleni. Katika hospitali nyingine, daktari mmoja mzee alimnyoosha mikono vivi hivi, akauliza, “Mama, kwenu kuna mtu mwenye mikono mirefu namna hii? Kuna mwenye tatizo la moyo?” Fundi akajibu, hakuna. Wakampima moyo yeye, kwa kuwa ndiye mama. Moyo wake ulikuwa mzima kama ngoma mpya. Basi wakaandika kwamba mtoto amepungukiwa damu, wakampa vidonge, na vidonge amekunywa mwaka mzima.

“Nimekisoma kitabu chako cha vipimo,” Twiga aliendelea. “Kile chenye jalada la kijani. Ukurasa wa Mama Mdogo bado upo. Mkono, inchi ishirini na saba. Ukaandika pembeni, ‘mikono ya ajabu, ongeza kitambaa.’ Na kwenye ukurasa wangu umeandika hivyo hivyo! Kila muhula unaniongezea mikono ya sare. Futi ya kupimia ilikuambia, Mama. Daktari alipokuuliza, ukasema hakuna.”

“Nilisema hivyo ili…”

“Ili nisijue. Heri niugue.”

Fundi alifungua mdomo ajitetee.

Mdogo mtu aliona nafasi.

“Mimi niliugua kule kule ugenini,” alisema. “Wakanipasua. Waliponiambia ni ugonjwa wa kurithi, sikulala. Nilipanda ndege kwa ajili yake. Wewe ungeniruhusu nimlete hapa? Ungenifukuza nyumbani! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada.”

“Usinitolee methali!” Fundi alimrukia. “Kuzaa si kazi, kazi kulea. Hiyo nayo wanasemaje huko ulikokuwa? Uchungu wako ulikuwa wa usiku mmoja, na ukachomwa sindano ya ganzi. Wangu mimi haujapoa mpaka leo.”

“Ndugu zangu!” Daktari alipiga kofi moja mezani. “Mgonjwa ni huyu. Sikilizeni moyo wake unavyokwenda.”

Mashine ilikuwa inakimbia. Pi-pi-pi-pi.

Twiga aliinamisha kichwa kukubali hilo moja lisemwe, na daktari akazungumza polepole. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo wa Twiga umetanuka kama puto lililopulizwa kupita kiasi. Ukipasuka, hakuna wa kumlaumu wala wa kumwokoa. Apasuliwe Alhamisi, si zaidi ya hapo. Mwaka jana wangeweza kuuwahi kwa dawa.

“Nionyeshe faili,” Fundi alisema tena, lakini safari hii alikuwa anaomba. “Sitaki ugomvi. Nataka kujua tu mwanangu anapona au haponi.”

Daktari alimtazama Twiga. Twiga akatikisa kichwa. Hapana.

“Na kuna jambo jingine, mama,” daktari alisema. “Nimeona faili lako wewe pia. La kujifungua. Linasema ulipasuliwa tumbo, na moyo wako ukakaribia kusimama mezani. Una kovu?”

Fundi alijifunika tumbo kwa mkono.

“Kovu analo mwenzako. Na moyo mgonjwa anao yeye. Karatasi zetu zinakupa wewe mwili ambao si wako. Kamati ya upasuaji haiwezi kumgusa mtoto huyu wakati mama wa kwenye karatasi na mama wa kwenye damu ni watu wawili. Watahitaji tamko. Lako.”

Alifungua droo, akaweka fomu mezani.

“Linasema nini?”

“Kwamba hukumzaa. Kwamba jina lako liliandikwa kwa udanganyifu. Ukisaini, tunalifuta kwenye faili la mtoto leo hii. Historia inakuwa sahihi, upasuaji unaendelea.”

“Na mimi?”

Kijana wa watu alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaitazama badala ya kumtazama yeye.

“Wewe hutakuwa na haki juu yake, mama. Ya kuona faili wala ya kuuliza hali yake hapa hospitalini. Wala ya kumsainia chochote.”

“Na polisi?”

“Hiyo si kazi yangu. Lakini karatasi ina miguu.”

Fundi alicheka kicheko kikavu. Alikuja asubuhi hii kudai haki yake ya mzazi, na sasa anaombwa aitoe kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo mdogo wake alipiga magoti. Ndiyo, msomaji wangu, alipiga magoti pale sakafuni, akaikumbatia miguu ya dada yake, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

“Dada, wewe ndiye uliyenilea hata mimi. Saini. Ni karatasi tu. Nyumbani tutabaki vile vile, utaitwa Mama vile vile. Ukishasaini, na mimi nasaini upasuaji papo hapo. Alhamisi itamkuta tayari. Nakuapia.”

“Unaniapia?”

“Kwa kaburi la mama.”

“Mama,” Twiga aliita kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo ghafla, ya mtoto wa darasa la pili. “Saini, tafadhali. Naogopa.”

Fundi aliishika kalamu. Aliandika jina lake herufi moja baada ya nyingine, kama anayelichonga kwenye jiwe. Alipofika mwisho alibusu vidole vyake, akavigusisha kwenye unyayo wa Twiga uliopita godoro.

Karani wa masjala aliitwa. Alikuja na rula na kalamu nyekundu. Akalilaza faili mezani, akafungua ukurasa wa kwanza tu, ule wa majina ulioandikwa siku Twiga alipozaliwa hapa, akaweka rula, akapiga mstari. Jina la Fundi likakatwa katikati, safi, bila kuchafua mistari mingine. Juu yake akaandika jina jipya. Akapiga mhuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha kifungo cha shati.

“Sasa fomu ya upasuaji,” daktari alisema, akishusha pumzi. “Mama mzazi, hapa chini.”

Mdogo mtu aliinuka sakafuni. Akafuta uso kwa kitambaa, kushoto, kulia. Akaisoma fomu kuanzia juu mpaka chini, bila haraka.

Kisha akairudisha.

“Hapasuliwi hapa.”

“Nini?” daktari aliuliza.

“Nitampeleka kwa madaktari walionitibu mimi. Wanamsubiri. Tiketi mbili ninazo, tunaondoka Jumatano.”

Fundi alidhani amesikia vibaya. “Umeapa sasa hivi! Machozi hayajakauka!”

“Nimeapa kwamba nitasaini, dada. Nitasaini. Huko.”

“Hawezi kusafiri!” Daktari alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. “Saa kumi ndani ya ndege, na mshipa ule? Mimi sitaki hata apande ngazi!”

“Mimi nilisafiri na wa kwangu.”

“Wa kwako haukuwa umefikia hapa! Sikiliza…”

“Daktari.” Mwanamke mrefu alijinyoosha mpaka kichwa chake kikakaribia taa. “Mama yake ni nani?”

Daktari alitazama faili. Wino mwekundu bado ulikuwa unang'aa.

Twiga alikuwa ameketi, macho yakimtoka. “Mama Mdogo, hukuniambia hivyo. Ulisema tutibiwe hapa, halafu…”

“Usiniite mdogo,” alikatizwa. “Mimi si mdogo wa mtu tena.”

Ndugu zangu, kuna usaliti wa adui, huo mtu huulalia macho. Huu ulikuwa wa mtu ambaye Fundi alimnawisha uso, akampeleka shule, akampa kitanda. Miezi mitatu yote hakuwa amekuja kumwokoa Twiga na ugonjwa peke yake. Alikuwa amekuja kumchukua. Na dada mtu ndiye aliyemfungulia mlango, kwa saini.

Fundi aliirukia ile karatasi ya tamko. Karani alikuwa mwepesi zaidi, akaikumbatia kifuani.

“Nirudishie! Nimeghairi! Mimi ndiye mama yake!”

“Samahani, dada,” karani alisema, na macho yake nyuma ya miwani yalikuwa yamelowa. “Mhuri umeshapigwa. Wageni wanasubiri nje.”

Wageni.

Alitolewa kwa upole, mkono wa karani mgongoni, na mlango namba sita ukafungwa mbele ya pua yake. Kupitia ubao ule mwembamba alisikia kila kitu. Alimsikia daktari akibembeleza, kisha akifoka. Alimsikia Twiga akisema, “Mimi siendi,” na akajibiwa, “Umri wako haukupi neno.” Akasikia karatasi ikivutwa kutoka kwenye droo.

“Basi saini hii,” daktari alisema kwa uchungu. “Fomu ya kukataa matibabu. Likitokea lolote, ni juu yako.”

Hiyo mdogo mtu hakuisoma. Kalamu ilikwaruza mara moja tu.

Fundi alitazama huku na huku kwenye korido. Hakukuwa na wakili wala hakimu, na karatasi hata moja yenye jina lake haikuwepo tena. Basi alifanya jambo pekee ambalo halihitaji saini. Akajilaza sakafuni, chali, akauziba mlango ule kwa mwili wake mzima kutoka fremu hadi fremu.

“Mama, unaumwa?” muuguzi aliyekuwa anapita aliuliza.

“Siumwi. Ninalinda.”

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka, na mdogo wake akatokea juu yake, faili la kamba nyekundu kwapani, mkono mwingine umemkamata Twiga kifundo cha mkono.

“Pisha, dada. Usinifanye nikuruke.”

Fundi hakumtazama. Alikuwa anamtazama Twiga, aliyesimama nyuma ya mwanamke yule, kiganja kimebana katikati ya kifua. Binti alikuwa anajaribu kusema kitu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Na midomo yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.